Kazi za fedha baada ya chuo cha biashara, kwa aliyeko Mtwara au Lindi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa aliyehitimu uhasibu, fedha na benki, ukaguzi au utawala wa biashara, yuko Mtwara Mjini, Masasi, Nachingwea, Kilwa au kwingineko Kusini, na bado hajajua ashike njia ipi. Viwango vya kodi na makato vilivyomo ni vya Tanzania Bara. Bunge la bajeti huvigusa karibu kila mwaka, kwa hiyo vihakiki upya kila ifikapo tarehe 1 Julai.

Nichague kwanza mwajiri au aina ya kazi?

Aina ya kazi. Jina la mwajiri linapendeza kwenye wasifu, lakini usaili wa kazi ya pili hauulizi ulikaa jengo gani, unauliza ulifunga hesabu gani. Kabla ya kuomba nafasi jiulize: kila siku nitashika karatasi ipi? Fomu ya mkopo, hati ya malipo, taarifa ya benki, au simu ya mteja aliyechelewesha rejesho?

Kwa miaka miwili ya mwanzo, tafuta kiti ambacho hesabu inapita mbele yako nzima: kutoka risiti, kwenda leja, kwenda urari, hadi mizania. Mhitimu aliyepanga mafaili miaka miwili kwenye kampuni kubwa hushindwa maswali ambayo mwenzake wa SACCOS ya Newala, aliyefunga vitabu kwa mkono wake, anayajibu bila kufikiri sana.

Kusini kuna kazi gani za fedha hasa?

Waajiri wakubwa ni wachache na wanajulikana: halmashauri za wilaya na miji, TRA, Mamlaka ya Bandari, benki za biashara zenye matawi hadi wilayani, vyama vya ushirika, kiwanda cha saruji cha Dangote, shughuli za gesi za Mnazi Bay, Madimba na Songo Songo, hospitali na shule za mashirika ya dini, na miradi ya mashirika yasiyo ya kiserikali. Benki Kuu ina tawi Mtwara, ila nafasi zake hutangazwa kitaifa na ushindani wake ni wa nchi nzima.

Fedha nyingi ya huku hufuata msimu. Ufuta huuzwa katikati ya mwaka, mbaazi zikafuata, na korosho huanza kuingia mnadani Oktoba. Ajira za muda za makarani na wasaidizi wa hesabu hutokea kabla ya hapo. Anayeanza kuzungusha barua Novemba amekuta viti vimeshakaliwa.

Mhasibu wa chama cha ushirika hufanya nini, na je, ni kazi ya mtu mwenye shahada?

Ni kazi ya mwenye shahada, tena wengi wanaidharau bila kuijua. Korosho zimeuzwa kwa stakabadhi ghalani tangu msimu wa 2007/08, na mfumo huo una hesabu nyingi kuliko maduka mengi ya mjini.

Mkulima anapeleka mzigo AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, unapimwa, anapewa stakabadhi yake. Mzigo unasafirishwa hadi ghala kuu, unapimwa tena na kupangwa daraja, kisha unaingia kwenye orodha ya mnada. Wanunuzi hushindana kwa njia ya kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Mnunuzi akishalipa, hukatwa tozo na ushuru, halafu fedha inashuka hadi kwenye akaunti ya mkulima. Mhasibu ndiye anayepaswa kueleza kila shilingi iliyopotelea njiani.

Chukua mfano. AMCOS imepeleka kilo 12,400. Hati ya ghala kuu inasema 12,318. Tofauti ni kilo 82. Bei ya mnada ikiwa shilingi 3,000, hizo ni shilingi 246,000 ambazo mkulima anazo kwenye stakabadhi na chama hakina benki. Sababu huwa moja kati ya tatu: unyaukaji, kwa kuwa korosho iliyopokelewa na unyevu hupungua uzito, mizani mbili zisizosoma sawa, au magunia yaliyoshuka garini kabla ya kufika. Mhasibu mzuri hazichanganyi. Anakaa na jedwali la mnada mmoja mmoja, lenye namba ya gari, kilo za kutoka, kilo za kuingia, unyevu wa pande zote mbili na jina la aliyepokea. Anayesubiri kulinganisha mwisho wa msimu hukuta minada imepandana na hakuna tena wa kumuuliza.

Kosa jingine ni la majina. Jina kwenye daftari la AMCOS likitofautiana herufi moja na la benki, au namba ya akaunti ikikosewa tarakimu, malipo yanarudi. Yakirudi hukaa kwenye akaunti ya chama, na yasipoorodheshwa siku hiyohiyo huanza kuonekana kama salio la chama. Ikifika Januari wakulima wako mlangoni, na fedha yao imeshalipa dizeli. Fungua leja ya malipo yaliyorudi tangu mnada wa kwanza, uilinganishe na benki kila wiki.

Vyama vikuu vya huku ni MAMCU kwa Masasi na Mtwara, TANECU kwa Tandahimba na Newala, RUNALI kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, na Lindi Mwambao. Vyama husimamiwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika, na COASCO hukagua hesabu zake. Mtu aliyepita humo misimu mitatu akiwa na vitabu visivyo na hoja, benki yoyote inayokopesha kilimo itamsikiliza. Ubaya wake: malipo ya AMCOS ndogo hutegemea ujazo wa msimu, na bodi ikibadilika kwenye uchaguzi, mkataba wako unaweza kubadilika nayo. Dai mkataba wa maandishi wenye tarehe.

Naombaje kazi serikalini, na kwa nini maombi mengi hukwama?

Nafasi nyingi hupitia Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Unafungua akaunti kwa namba ya NIDA, unajaza elimu, unapakia vyeti, unaandika barua na kuisaini, kisha unaomba tangazo moja moja. Usaili wa mchujo ni wa kuandika, wanaofaulu huitwa wa mahojiano. Ukifaulu na nafasi zikiwa zimejaa, jina linabaki kanzidata, na unaweza kupangiwa kituo bila usaili mwingine. Simu yako iwe inapatikana.

Maombi hukwama kwa mambo madogo kabisa. Cheti cha kidato cha nne kinasema jina hili na cha chuo jina lile, bila hati ya kiapo au ya kubadili jina. Mtu anapakia taarifa ya matokeo badala ya cheti chenyewe. Barua haina saini, au imenakiliwa kutoka tangazo la zamani na bado imetaja kada nyingine. Wengine huomba Mkaguzi wa Ndani na shahada ya masoko, wakitumaini haitaonekana. Inaonekana.

Ukipata halmashauri, jua kwamba kazi ya kila siku ni kwenye mifumo ya kompyuta ya serikali: MUSE kwa malipo, NeST kwa manunuzi, namba za malipo kwa mapato, na FFARS kwa shule na vituo vya afya. Mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni, na hesabu lazima zimfikie CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, kabla ya mwisho wa Septemba. Miezi hiyo mitatu usipange harusi. Hoja za ukaguzi zinazojirudia karibu kila mwaka ni masurufu (fedha anayopewa mtumishi kwa shughuli za kazi) yasiyorejeshwa, malipo yasiyo na viambatisho na mapato yaliyokusanywa bila kupelekwa benki. Zote tatu huzuilika mezani kwa mhasibu wa daraja la chini kabisa, ambaye kwa kawaida ndiye huyo mgeni kutoka chuo.

Afisa mikopo ni kazi ya kuanzia au ni mtego?

Inategemea unataka kuwa nani. Benki na taasisi za mikopo huajiri vijana wengi kwa kazi hii, na nje ya mji ina maana ya pikipiki, vumbi la Nanyumbu na vikao vya vikundi saa moja asubuhi. Unapimwa kwa mambo mawili: umetoa kiasi gani, na kiasi gani kimechelewa. Benki huuita mkopo chechefu ukipita siku 90, na Benki Kuu hutaka mikopo chechefu isizidi asilimia 5 ya mikopo yote. Asilimia hiyo inashuka hadi kwako kama lengo la mwezi.

Kinachowaangusha wengi Kusini ni ratiba ya marejesho. Mkulima wa korosho ana mavuno mara moja kwa mwaka. Ukimpa mkopo Juni na kumtaka alipe kila mwezi kuanzia Julai, atalipa kwa kukopa kwingine, na Oktoba utakuta korosho yake imeshauzwa kwa kangomba, yaani kwa mnunuzi wa gizani nje ya mnada, kwa nusu bei. Ratiba inayofuata minada humlinda yeye na kukulinda wewe. Kama mwajiri wako ana ratiba moja tu kwa watu wote, uliza kwenye usaili ni nani anayebeba lawama mkopo wa kilimo ukichelewa. Jibu litakupa picha ya mahali pale.

Usifadhili rejesho la mteja kwa mfuko wako ili lengo litimie. Hilo limefukuzisha maafisa wengi kuliko wizi.

Miaka miwili au mitatu ya mikopo inatosha kujifunza kusoma mtiririko wa fedha wa biashara ndogo. Kutoka hapo omba kitengo cha tathmini ya mikopo au cha vihatarishi. Ukikaa sita bila cheti cha taaluma, soko litakuona kama mkusanya madeni.

Na ukaguzi?

Ndiyo shule bora ya uhasibu iliyopo. Kampuni nne kubwa, Deloitte, PwC, EY na KPMG, ziko Dar es Salaam na huchukua wahitimu wachache wenye ufaulu wa juu. Kampuni ndogo za wakaguzi hufika huku kukagua shule, SACCOS na miradi, na huhitaji wasaidizi hasa kati ya Januari na Juni. Posho ni ndogo, lakini ndani ya miezi mitano unaona vitabu vya taasisi kumi, pamoja na makosa kumi tofauti. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi nayo huajiri, kwa matangazo ya serikali.

CPA ina mitihani mingapi, na nianzie wapi?

NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi, hutoa mitihani ya CPA, hati ya uhasibu wa kitaaluma, mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba. Kwa mtaala unaotumika, hatua ya awali ina masomo matano, A1 hadi A5. Hatua ya kati sita, B1 hadi B6. Na ya mwisho manne: taarifa za fedha za makampuni, ukaguzi, fedha za biashara na makampuni, na fedha za umma na kodi. Mwenye shahada ya uhasibu kwa kawaida huanzia hatua ya kati. Wa shahada nyingine huanzia awali, pengine akiwa na misamaha ya masomo kadhaa. Kufaulu mitihani si mwisho: kusajiliwa kama CPA kunataka pia uzoefu wa kazi wa miaka mitatu. Kwa hiyo tunza kumbukumbu ya kazi zako tangu siku ya kwanza, ikiwa na saini ya msimamizi aliyesajiliwa.

Makosa ya kupanga ni yaleyale kila msimu. Mtu anajisajili masomo sita kwa mkupuo huku akifanya kazi ya msimu wa korosho, anakaa Novemba, anaambulia moja. Ukiwa ushirika au benki yenye wateja wa kilimo, weka masomo mazito Mei na Novemba chukua moja au acha kabisa. Ukiwa halmashauri ni kinyume chake: Mei iko karibu na kufunga mwaka, Novemba kuna nafuu. Tarehe ya mwisho ya kujisajili huja miezi kadhaa kabla ya mtihani, na ukichelewa kuna ada ya adhabu.

CPA, ACCA, CFA au cheti cha benki?

Ukitaka kufanya kazi Tanzania katika uhasibu, ukaguzi au serikali: CPA, bila kusita. ACCA, hati ya uhasibu ya kimataifa, ina mitihani 13 kabla ya misamaha na ada zake ni za fedha za kigeni. Inafaa kwa anayelenga kampuni za kimataifa. CFA ni ngazi tatu, na hati yake inataka saa 4,000 za uzoefu katika muda usiopungua miezi 36. Ni ya usimamizi wa uwekezaji, na kazi hizo Mtwara karibu hazipo. Cheti cha Taasisi ya Mabenki, CPB, humfaa aliyeamua kubaki benki.

Usianze viwili kwa pamoja.

Nikiambiwa mshahara ni 800,000, mkononi napata ngapi?

Tuseme uko sekta binafsi, mshahara wote ni wa msingi, na una mkopo wa elimu ya juu.

NSSF ya mwajiriwa, asilimia 10, ni 80,000. Kinachotozwa kodi ni 720,000. PAYE, yaani kodi ya mshahara, kwa kundi la kati ya 520,000 na 760,000 ni 20,000 ukijumlisha asilimia 20 ya kinachozidi 520,000; hapa kinachozidi ni 200,000, hivyo kodi ni 20,000 + 40,000 = 60,000. Bodi ya Mikopo hukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 120,000. Unabaki na 540,000, kabla ya bima ya afya kama mwajiri anakata.

Kwa mtumishi wa umma mchango wa PSSSF, mfuko wake wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 5 badala ya 10, jambo linalofanya ofa mbili za mshahara uleule zisifanane. Chunguza pia kama posho ya nyumba imetenganishwa na mshahara wa msingi, kwa sababu Bodi ya Mikopo hukata kwenye msingi. Na kabla ya kukopa benki mwezi wa pili wa ajira: mtumishi wa umma hapaswi kubaki na chini ya theluthi moja ya mshahara wake.

Nisubiri mradi wa gesi ya kusindika Lindi?

Usisubiri. Mazungumzo ya mradi wa Likong'o yamechukua miaka mingi, na tumbo halingoji saini. Unachoweza kufanya ni kujiandaa bila kukaa bure: soma jinsi mikataba ya kugawana uzalishaji inavyofanya kazi, hasa urejeshaji wa gharama, maana huko ndiko wahasibu wanakohitajika. Kampuni hutumia fedha kwanza, halafu hujilipa kutoka kwenye gesi inayouzwa. Kila gharama isiyostahili ikipita, sehemu ya serikali hupungua. PURA, mdhibiti wa mafuta na gesi, na TPDC, shirika la mafuta la taifa, wana wakaguzi wa kazi hiyo. Aliyekagua gharama za ujenzi popote pale ana mlango hapo.

Naweza kujiajiri kwa kuwaandikia wafanyabiashara vitabu?

Unaweza, na wateja wapo: wenye maduka ya vifaa vya ujenzi, wasafirishaji, nyumba za wageni. Wanachokununua kwako ni kalenda. PAYE, tozo ya ujuzi na kodi ya zuio ziende ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha. Ritani ya VAT ifike ifikapo tarehe 20. Makadirio ya mapato ya anayefunga Desemba yawe yamewasilishwa ifikapo 31 Machi, na ritani ya mwaka ifikapo 30 Juni. Mteja akipigwa faini kwa kuchelewa, atakulaumu wewe hata kama alikuletea risiti tarehe 19 jioni, zikiwa kwenye mfuko wa rambo. Andika kwenye makubaliano kwamba nyaraka zinakufikia ifikapo tarehe 5, na kwamba baada ya hapo adhabu ni yake.

Kumwakilisha mteja TRA kama mshauri wa kodi kunahitaji usajili. Kusaini ripoti ya ukaguzi ni kwa CPA mwenye leseni ya kufanya kazi hiyo. Usivuke mipaka hiyo miwili.

Soko la hisa je?

Madalali wa hisa na wasimamizi wa mifuko wako Dar es Salaam, kilomita 560 hivi kutoka Mtwara. Ukitaka njia hiyo, panga kuhama.

Kujitolea bila malipo kuna maana?

Kuna maana kwa miezi mitatu, labda sita, kwa sharti kwamba unagusa vitabu na mwisho utaandikiwa barua inayotaja kazi ulizofanya. Uliza kwanza kama nafasi inaweza kupitia mpango wa mafunzo ya uzoefu wa kazi wa TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira. Ukiona mwezi wa pili bado unatumwa kutoa kopi, ondoka kwa adabu.

Usaili wa vitendo hupima nini?

Mara nyingi hupima usuluhishi wa benki, kwenye karatasi au kwenye Excel. Mfano wa aina inayopendwa: daftari la fedha linaonyesha 4,310,000, taarifa ya benki 4,865,000. Kuna hundi ya 620,000 ambayo haijafika benki, fedha ya 140,000 iliyopelekwa siku ya mwisho na haijaonekana, makato ya benki 15,000 yasiyoandikwa, na risiti ya 540,000 iliyoandikwa 450,000.

Upande wa benki: 4,865,000 toa 620,000, jumlisha 140,000, inakuwa 4,385,000. Upande wa daftari: 4,310,000 toa 15,000, jumlisha 90,000, inakuwa 4,385,000. Wengi hukosea kwa kurekebisha hundi kwenye daftari, wakati ilishaandikwa humo siku ilipotolewa. Na tofauti inayogawanyika kwa 9 bila baki, kama hiyo ya 90,000, ikushtue: mara nyingi tarakimu mbili zimebadilishana nafasi. Msaili akikuona unaigawa kwa 9 kabla ya kuanza kupekua risiti, ameshajua umewahi kukaa na vitabu.